Wafiwa Washika Kamera

Nchini Marekani, mtayarishaji wa filamu za mauaji ya kweli halazimiki kubisha hodi kwa wafiwa. Mwenendo wa kesi mahakamani kwa kawaida uko wazi kwa umma, na sheria ya kashfa huwalinda walio hai tu. Mwaka 2022 tamthilia ya Netflix kuhusu muuaji Jeffrey Dahmer ilitazamwa kwa zaidi ya saa bilioni 1 ndani ya siku 60. Dada wa mmoja wa waliouawa alikuta kilio chake cha mahakamani kimeigizwa neno kwa neno. Alisema hakuulizwa.

Hata hivyo, picha za harusi, kanda za nyumbani na ndugu aliye tayari kusema hazipatikani masjala. Huo ndio mtaji wa mfiwa, na wapo walioamua kuutumia wenyewe.

Yance Ford alikuwa akifanya kazi ya kuandaa vipindi katika televisheni ya umma. Kaka yake William, mwalimu wa miaka 24, alipigwa risasi Long Island mwaka 1992, na baraza la wazee wa mahakama likakataa kumshtaki aliyefyatua. Filamu ya Yance kuhusu kifo hicho, Strong Island, ilimchukua takriban miaka kumi. Ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2017, Netflix ikaionyesha, kisha ikateuliwa kuwania Oscar. Miaka kumi kwa filamu moja: ni mhasibu gani angeidhinisha?

Madison Hamburg alianza na zoezi la chuo. Mama yake aliuawa Connecticut mwaka 2010. Mwaka 2020 HBO ikarusha filamu yake kuhusu mauaji hayo, Murder on Middle Beach, yenye sehemu nne. Alimhoji baba yake, dada yake na ndugu wa mama, akijua kwamba baadhi yao walishukiwa. Polisi walipokataa kutoa jalada la kesi, alipeleka shauri kwenye tume ya jimbo ya haki ya kupata habari, ikampa haki.

Kuhusu malipo, mambo ni ya kuzungukazunguka. Desturi ya uandishi wa habari inakataza kulipia mahojiano, kwa hiyo baadhi ya kampuni hulipia “matumizi ya picha” za familia. Gharama nyingine ni bima ya mashtaka ya kashfa, ambayo vituo huidai kabla ya kurusha filamu. Mwongozaji anapowahoji jamaa zake kama washukiwa, bima hiyo si urembo: marehemu hawezi kushtaki, baba mzazi anaweza.