Istilahi za Mkesha wa Watakatifu Wote katika Somo la Kiingereza

Vitabu vingi vya wanaoanza kujifunza Kiingereza vimeandikwa ng'ambo, na aghalabu humo hukutwa somo fupi juu ya Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba. Sentensi zake ni nyepesi na picha zake zinavutia. Hata hivyo, mwalimu wa Babati, mkoani Manyara, atakaye kuyaeleza maneno yake kwa Kiswahili ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kamusi humpa kisawe kimoja kwa kila neno. Lakini visawe hivyo vikiandikwa ubaoni bila maelezo, somo la mchezo laweza kugeuka somo la hofu, au la shutuma. Tunakusudia hapa kuyapima baadhi ya maneno hayo.

1. Jina la sikukuu

Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa watakatifu wote, kwa kuwa siku ifuatayo, tarehe 1 Novemba, ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mila zake nyingine huhusishwa na Samhain, sikukuu ya kale ya Ireland ya kufunga mavuno. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland na Uskoti walizipeleka Marekani, na huko boga likashika nafasi ya tanipu iliyokuwa ikichongwa kuwa taa. Tunapendekeza "Mkesha wa Watakatifu Wote". Wakatoliki wa Babati, walio katika Jimbo la Mbulu, wanaijua sikukuu yenyewe. Kilicho kigeni kwao ni michezo ya mkesha. Wanafunzi wa dini zote waelezwe kwamba kinachosomwa ni desturi ya watu wengine, wala si ibada wanayotakiwa kuifuata.

2. Majira

Wafasiri wengine huyaita majira hayo "vuli". Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Mwishoni mwa Oktoba mkulima wa Babati huandaa shamba na kungojea mvua. Huko kaskazini mkulima amekwisha kuvuna, majani yanaanguka, na usiku unarefuka. Mwanafunzi akiambiwa "vuli" hataelewa kwa nini maboga yamejaa. "Majira ya kupukutika majani" ni maneno marefu, lakini hayapotoshi.

3. Mzimu au mzuka?

Kiumbe wa picha, aliyejifunika shuka jeupe, mara nyingi hufasiriwa "mzimu". Kosa hili si dogo. Mizimu ni roho za wahenga, nazo huheshimiwa na kutambikiwa. Aidha, kwa watoto wengi wa Babati Kiswahili ni lugha ya pili baada ya Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi, Kimbugwe au Kidatoga, na kila jamii ina majina yake: Wairaqw, kwa mfano, huwataja netlaangw, viumbe wa chemchemi na mito. Si haki kuyakusanya yote hayo chini ya shuka moja la mchezo. "Kizuka" nalo lina utata, maana pwani huitwa hivyo pia mjane aliye katika eda. Tunapendekeza "mzuka".

4. Mchawi

Hapa ndipo penye uzito. Picha ya kitabuni huonyesha ajuza mwenye kofia nyeusi iliyochongoka, amepanda ufagio. Kwa Waingereza wa leo huyo ni wa hadithi tu. Ulaya nayo iliwaua makumi ya maelfu ya watu kwa shutuma za uchawi kati ya karne ya 15 na ya 18, lakini huko neno limepoa. Letu bado lina moto. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haijazima imani hiyo, na vikongwe wameuawa, hasa Usukumani, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mtoto akionyeshwa picha ya ajuza na chini yake pameandikwa "mchawi", amefundishwa jambo ambalo mwandishi wa kitabu hakulikusudia: kwamba mchawi hutambulika kwa uzee wake. Kwa hiyo tunashauri iandikwe "mchawi wa hadithi", wala kivumishi hicho kisiachwe. Wala asiitwe "mganga". Huyo ni tabibu, na shughuli zake zinatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

5. Mavazi na zawadi

Mavazi ya kuigiza ni "maleba", kama katika tamthilia. Cha kufunika uso kiitwe "kinyago". "Barakoa" lingefaa kwa asili yake, lakini tangu mwaka 2020 wengi hulihusisha na kinga ya UVIKO-19. Desturi ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakidai peremende haihitaji istilahi mpya: mwalimu ailinganishe na watoto wanaopita kuomba mkono wa Idi, kisha aeleze tofauti, yaani kwamba wale wa Marekani hutishia kufanya utundu wakinyimwa.

Kisawe huchaguliwa kwa kuangalia kitakachoonekana akilini mwa msomaji, si kwa kuangalia kamusi peke yake. Kwa mwanafunzi anayeanza, neno la kwanza analopewa ndilo atakalodumu nalo. Hapana budi, basi, mfasiri na mwalimu walipime kabla ya kuliandika ubaoni.