Nyumba ya Udongo na Moto wa Mwitu katika Bonde la Kilombero

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kueleza namna ya kujenga nyumba isiyoteketea kwa moto wa mwitu. Wenyeji wa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero wajua vema sababu ya kuyataja mambo haya. Mpunga huvunwa tangu Mei hata Julai, ukatiwa katika magunia na kuwekwa ndani ya nyumba. Wakati huo huo majani ya mbuga, ambayo katika masika yalipita kimo cha mtu, yamekwisha kukauka. Basi huyu huchoma shamba lake, yule hutia moto majani ili ng'ombe wapate chipukizi, na mrina asali huacha kienge chake chini ya mti. Upepo ukivuma, moto huo hauna bwana tena. Nyumba ya fito na nyasi ikishika moto, chakula cha mwaka mzima huisha kabla watu hawajarudi kutoka shambani, na pengine mzee au mtoto aliyeachwa nyumbani huisha pamoja nacho.

Wengi hudhani kwamba nyumba huungua kwa sababu mwali umeifikia. Mara nyingi mwali haukufika kabisa. Cheche hupeperushwa na upepo, zikatua juu ya paa la nyasi au zikapenya chini ya upenu, na nyumba huanza kuwaka hali moto wenyewe ungali mbali. Watu wa Australia walijifunza jambo hili kwa msiba mkubwa tarehe 7 Februari 2009, siku ambayo watu 173 walikufa na nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea katika jimbo la Victoria. Baadhi ya watu wa huko wamejenga nyumba zilizofunikwa kwa udongo, kwa kuwa udongo hauwaki.

Lakini hatuna haja ya kwenda Australia kutafuta nyumba ya namna hiyo. Wagogo, na Wahehe walio jirani zetu nyuma ya milima ya Udzungwa, tangu zamani walijenga tembe. Nguzo zenye panda husimamishwa, boriti hulazwa juu yake, kisha fito na majani, na mwisho udongo mzito unaoshindiliwa mpaka mtu aweza kutembea juu ya nyumba na kuanika nafaka. Wanaotaka kuona mfano wake na waende Kwihara karibu na Tabora, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ambalo baadaye lilijengwa upya. Nao Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba zao katika mteremko wa kilima hata paa likawa sawa na ardhi, wapate kujificha wasionwe na Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe.

Je, yafaa basi mtu wa Ifakara achimbe nyumba chini, au ajenge tembe kama la Ugogo? Sisi twasema, la. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka. Ifakara hupata zaidi ya 1,200, na paa tambarare la udongo halitavumilia masika mawili. Tena maji ya bonde hayako mbali. Chimba shimo mbugani mwezi wa Aprili, nawe utayaona maji yakipanda kabla hujachoka. Nyumba iliyochimbwa hapo itawaokoa watu na moto wa Septemba, kisha iwazamishe katika mafuriko ya Machi.

Kwa hiyo katika bonde udongo uwekwe juu, usitafutwe chini. Kwanza inua sakafu. Fanya tuta la udongo wa kichuguu, ulioshindiliwa vizuri, lenye kimo cha goti au zaidi kwa kadiri ya mafuriko ya mahali pako. Ukuta uwe wa matofali, mnene wa shubiri moja na nusu. Matofali mabichi huzuia moto sawasawa na ya kuchoma, ila safu za chini ziwe za kuchoma, kwa kuwa maji huyayeyusha mabichi.

Sasa tunafika penye shina la maneno yetu, nalo ni dari. Chini ya paa la nyasi laza boriti kutoka ukuta hata ukuta, juu yake fito zilizosongamana, kisha udongo uliokandwa pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 10. Paa likiungua, litaungua peke yake. Vyumba vilivyo chini vitabaki, na paa jipya laweza kuezekwa kwa siku chache. Lakini angalieni uzito! Chumba cha mita 3 kwa 3 kitabeba udongo wa tani moja na nusu, yaani sawa na magunia 15 ya kilo mia mia, na siku ya moto makombamoyo yanayowaka yataanguka juu yake pia. Boriti nyembamba ni mauti. Tumieni kiini cha mninga au mvumo uliopasuliwa, mti ambao mchwa hauwezi upesi, na boriti zikaribiane, hatua moja au pungufu. Ukiona moja imepinda, usingoje mwaka mwingine.

Wako watu wenye dari tayari, nao hupanga magunia ya mpunga juu yake. Hapo ndipo mahali pa kwanza kuungua. Magunia yakae chini ya dari, na tundu la kupandia lifunikwe kwa mlango uliokandikwa udongo.

Nafasi iliyo kati ya ukuta na paa izibwe kabisa, na madirisha yatiwe wavu wa chuma ili hewa ipite. Hapa kuna faida ya pili: wataalamu wa Ifakara, ambako maabara ya utafiti ilianzishwa mwaka 1957, wameonyesha kwamba mbu wa malaria hupenda kuingia kwa nafasi hiyo hiyo. Wenye mabati nao wasijisifu mno. Bati haliwaki, bali cheche hupita chini yake na kukuta miti mikavu.

Kwa wale wanaokaa kwenye miteremko ya Udzungwa au Mahenge, juu ya mafuriko, nyumba yaweza kuingizwa kilimani kidogo, ikiwa ukuta wa nyuma ni wa mawe na mfereji umechimbwa upande wa juu kuyageuza maji. Penye dalili ya ardhi kuporomoka, isijengwe. Na nyumba yo yote iwe na milango miwili, kwa kuwa moshi huua kabla ya moto.

Uwanja ufagiliwe hatua 15 pande zote, kuni zisiegemezwe ukutani, na majani makavu ya migomba yakatwe. Kazi ya dari ifanywe Juni, mara mpunga uishapo kuvunwa, ili udongo ukauke kabla ya Agosti; nyufa zitakazotokea zikandikwe tena baada ya majuma mawili. Habari za jiko la nje na ghala tutazieleza katika mazungumzo yajayo.