JIKO LA MKAA SI BLANKETI: Tahadhari kwa wanaolala mlimani na watoto

Likizo ya shule na madrasa inapofika, baadhi ya familia za Moshi na hata za Dar es Salaam hupanda Marangu, Machame au Kibosho, wakafunga hema na kulala siku moja mbili. Jambo hilo ni zuri. Watoto waone msitu na maporomoko ya maji, wajue kuwa dunia ya Mola si televisheni peke yake. Lakini wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja ambacho akina baba na akina mama hukifanya kwa nia njema kabisa, nacho ni kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema au chumba ili watoto wasipate baridi.

Baridi yenyewe ni ya kweli. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Kibanda cha Mandara kipo takriban mita 2,700, na mji wa Moshi haufiki mita 1,000. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kulala na shuka Pasua au Majengo anakutana na hali asiyoijua, na mwezi wa Juni na Julai ndiyo zaidi. Hapo ndipo jiko linapoingizwa.

Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikereketi koo. Watu wengi hudhani moshi ndio wenye hatari, kwa hiyo husubiri mkaa uwe mwekundu, moshi uishe, ndipo waliingize ndani. Kumbe hapo ndipo wanapodanganyika, kwani sumu inaendelea kutoka bila moshi. Ikivutwa, hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inazunguka lakini haibebi kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huathirika mapema, na mimba iliyo tumboni iko hatarini vilevile.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na usingizi mzito. Hapa pana mtego, kwa sababu dalili hizo zinafanana na malaria, na vilevile zinafanana na ugonjwa wa mwinuko unaoweza kuanza kuanzia mita 2,500. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kichwa kinamuuma, atalia tu na kukataa kula. Ukiona watu wawili watatu wa hema moja wanalalamika pamoja, usianze kugawa Panadol. Watoe wote nje kwenye hewa safi mara moja, kisha wafikishwe hospitali hata kama wameonekana kupata nafuu. Na kama hapakuwa na moto ndani, basi dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kumteremsha mgonjwa.

Mtume (s.a.w) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, nalo ni agizo lililopokewa na Bukhari na Muslim. Tuliokaa madrasa tulisomeshwa hilo tukafikiria nyumba kuungua tu.

Basi tuwape joto kwa njia gani? Avalishwe nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, kofia na soksi kavu. Nguo ya pamba ikilowa jasho ibadilishwe kabla ya kulala. Chini watandikiwe jamvi au godoro, maana ardhi hunyonya joto kuliko upepo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa khanga iwekwe miguuni, isiguse ngozi. Mtoto mchanga akilegea, akakataa kunyonya na tumbo lake likawa la baridi, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, funika, na mwanze safari ya kushuka.

Maji ya udhu yapashwe moto nje. Aliyeshindwa kabisa kuyapasha na akahofia madhara ana ruhusa ya kutayamamu, kama alivyofanya Amr bin Al-Aas (r.a) usiku wa baridi kali katika msafara wa Dhatu Salasil. Lakini uvivu wa kuwasha jiko si udhuru! Maji ya kunywa, ukiwa juu ya mita 2,000, yachemke kwa dakika 3. Choo kiwe mbali na mifongo, maana maji hayo yanatumiwa na watu wa chini.

Kabla jua halijazama, ulizia gari litakaloweza kukuteremsha usiku hadi Mawenzi au KCMC, na namba ya dereva wapewe watu wazima wawili.