Chumba cha Mama na Mwembe wa Uani

Mara nyingi tumeshuhudia kwamba mtu akitaka kuongeza chumba nyumbani kwake, jambo la kwanza ni kutafuta shoka. Sisi nasi nusura tufanye hivyo hapa Jinja, tulipokusudia kumjengea mama mzazi chumba upande wa nyuma, karibu na mwembe uliopandwa na marehemu baba.

Fundi alitandika kamba zake mita 4 kutoka shinani. "Bwana," akasema, "mizizi ikitusumbua tutaikata. Mti hautajua."

Tulisita. Jirani yetu mmoja aliwahi kuchimba mtaro wa msingi kando ya mwembe wake. Mti ulibaki na majani mabichi misimu miwili, kisha dhoruba ya Aprili ikauangusha juu ya chumba kipya, hata chokaa hakijapakwa. Ashukuriwe Mungu, hapakuwa na mtu ndani.

Wengi hudhani kuwa mizizi huzama chini kadiri mti ulivyopanda juu. La hasha! Iliyo mingi hukaa katika udongo wa juu, nayo hutambaa kupita hata kivuli cha matawi. Wataalamu hupima kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, wakakizidisha mara 12. Ndani ya duara hilo hapana ruhusa ya kuchimba ovyo. Mwembe wetu ulikuwa na mzingo wa sentimita 157, yaani kipenyo cha 50. Basi mita 6.

Hapana budi ramani ikabadilika. Chumba kilirudishwa nyuma, nacho kikapungua upana. Nafasi iliyobaki ndani ya duara tuliifanya baraza: nguzo mbili za kubeba paa, bila mtaro wala sakafu ya saruji. Mashimo ya nguzo yalichimbwa taratibu kwa mkono, na fundi alipokuta mzizi mnene, shimo lilisogezwa. Kadhalika tuliuzungushia mti uzio wa fito, matofali yasirundikwe pale, gari lisikanyage udongo ukashikamana, wala maji ya kuoshea vyombo vya saruji yasimwagwe. Fundi alinung'unika kubeba matofali kutoka barabarani, akadai ujira wa siku mbili zaidi. Tukamlipa, ilikuwa haki yake.

Siku ya kuhamia, mama alikipima chumba kwa hatua, akatuambia kabati lake halitaingia. Kabati hilo sasa liko chumbani kwetu, naye hushinda barazani.