Kidaka katika ukuta wa Falls Church

Mwaka 1939 Loren Pope, mwandishi wa gazeti la Evening Star la Washington, alimwandikia barua msanifu majengo Frank Lloyd Wright, akimwomba amchoree nyumba. Pope alikuwa mtu wa mshahara wa kawaida na Wright alikuwa na jina kubwa, lakini mzee huyo alikubali, na kufikia mwaka 1941 familia ya Pope ilikuwa imekwisha kuhamia katika nyumba yake Falls Church, jimbo la Virginia, nje kidogo ya mji mkuu wa Marekani. Ni nyumba ndogo, kama mita za mraba 110 hivi. Haina besimenti wala chumba cha darini cha kutupia makorokoro. Rafu za vitabu zilijengwa pamoja na kuta zenyewe, na juu, karibu na paa, vidirisha vimewekewa mbao zilizokatwa nakshi, jua likipita nakshi ile inajichora ndani.

Mtu wa Lamu akiingia mle hataona ugeni mkubwa. Nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu za karne ya 18 zilikuwa na vyumba virefu vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Katika chumba cha namna hiyo kabati kubwa lingeziba njia. Kwa hiyo mafundi waliutumia ukuta. Kule ndani kabisa, chumbani kwa mwenye nyumba, ukuta mzima ulijengwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zikapambwa kwa plasta ya chokaa iliyochongwa ingali mbichi. Humo zilikaa sahani za Kichina, vitabu na vyombo vya thamani. Aliyeketi mbele ya ukuta ule aliona mali, akaona na sanaa, vyote mahali pamoja.

Nimezitaja nyumba hizi mbili kwa ajili ya wenzangu Waswahili tunaoishi huku Falls Church na cherehani juu ya meza ya chakula, vitambaa ndani ya masanduku ya safari, na shanga ndani ya mifuko ya rambo. Wengi wetu tunaamini kwamba siku tukipata chumba cha ziada na pesa za makabati, ndipo tutakuwa na mahali pa kazi za mikono. Siamini hivyo. Nyumba ya Mswahili na nyumba ya Pope zinaonyesha kwamba pale unapokiweka kitu ndipo panapoweza kuwa pambo, na kwamba ukuta mmoja ukitumiwa vizuri unatosha.

Falls Church penyewe ni mji mdogo. Umekuwa mji unaojitegemea tangu mwaka 1948, una eneo la kilomita za mraba tano na ushee, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 14,658. Ila anwani ya posta ya Falls Church inavuka mipaka hiyo na kuingia Kaunti ya Fairfax, mpaka Seven Corners, Culmore na Bailey's Crossroads, na ndiyo maana wengi wanaosema wanaishi Falls Church hawapigi kura za mji huo. Huko utakuta fleti za chumba kimoja au viwili, na nyumba ndogo za matofali zilizojengwa wakati wafanyakazi wa serikali kuu walipoongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mahali pa kazi za mikono katika nyumba hizi huwa pembe ya sebule, au besimenti. Kila pahali pana shida zake, na shida hizo lazima zijulikane kabla ya kununua hata msumari.

Shida ya kwanza ni mwanga. Sisi tumekulia chini ya jua la utosini. Falls Church iko karibu nyuzi 39 kaskazini mwa ikweta, na jua lake halifiki utosini hata mwezi Juni. Mwaka mzima saa sita mchana liko upande wa kusini. Maana yake ni kwamba dirisha la kusini linaingiza jua kali linalokula rangi za vitambaa, na dirisha la kaskazini linatoa mwanga uliotulia, usio na kivuli kikali. Anayedarizi au kutunga shanga aiweke meza yake upande wa kaskazini akiweza. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu anayerudi kazini saa kumi na mbili hatauona mwanga huo kabisa, kwa hiyo taa si anasa. Zile taa za manjano za sebuleni hudanganya macho: bluu iliyokoza huonekana nyeusi, na utashona uzi usio wake. Tafuta zilizoandikwa Kelvin 4000 hadi 5000. Kama unashona kwa mkono wa kulia, taa ikae kushoto, ili mkono usiiwekee kazi kivuli.

Shida ya pili ni unyevu. Julai na Agosti hewa ya eneo la Washington ni nzito, na ikiingia besimenti, ambako kuta zimezungukwa na udongo wa baridi, inaacha majimaji. Khanga zilizokunjwa zikagusana na ukuta huo zitapata madoa ya kuvu, na sindano zitashika kutu. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira linashauri unyevu wa ndani ubaki kati ya asilimia 30 na 50. Kipimo chake ni cha bei ndogo, na mashine ya kukausha hewa ndiyo kitu cha kwanza ningemwambia mtu anunue kwa ajili ya besimenti, kabla ya meza na kabla ya kiti. Rafu ziachane na ukuta wa nje, na chochote kisilale sakafuni. Wakati wa baridi mambo hugeuka: joto la ndani linakausha kila kitu, na mkeka au kawa la ukindu linaanza kukatika. Lifute mara moja moja kwa kitambaa chenye majimaji kidogo, kisha liache likauke mbali na tundu la hewa ya moto.

Sasa tuje kwenye ukuta. Kuta nyingi za ndani za nyumba za huku ni tupu katikati. Ni mbao zilizosimama, kwa kawaida kila baada ya inchi 16, yaani kama sentimita 40, zikafunikwa pande zote mbili kwa bodi za jipsamu. Kati ya mbao mbili panabaki uwazi wa upana wa sentimita 37 hivi na kina cha sentimita 9. Uwazi huo ni kidaka kinachosubiri kufunguliwa. Unakata bodi ya upande mmoja kufuata mbao, unaingiza sanduku jembamba la plaiwudi lenye rafu mbili tatu, unazungushia fremu, unapaka rangi nyeupe. Kina cha sentimita 9 ni kidogo kwa sahani ya Kichina, lakini kinatosha reli za nyuzi, chupa za shanga, makopo ya vifungo, visanduku vya zipu. Kila kitu kinakaa mstari mmoja mbele. Hakuna kilichojificha nyuma ya kingine. Ukipenda nakshi, paka plasta nyembamba kwenye fremu, na kabla haijakauka ichore kwa ncha ya kisu maua na mistari unayoikumbuka kwenye milango na kuta za kwenu. Mkono ukitetereka hapa na pale si kitu, plasta za Lamu nazo zina alama za mikono ya watu.

Tahadhari ziko, na ni za kweli. Usikate mbao yenyewe, kwa sababu huenda inabeba nyumba. Usiguse ukuta wa nje, una sufi ya kuzuia baridi. Chunguza kwanza kama pana nyaya za umeme au bomba. Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 inaweza kuwa na rangi yenye risasi, na kuikwangua mbele ya watoto ni hatari; ipimwe kwanza. Na mpangaji asikate chochote bila ruhusa ya mwenye nyumba. Yeye atengeneze masanduku ya plaiwudi ya kina hicho hicho, ayapange safu juu ya safu kama zidaka, ayakaze kwa skrubu chache kwenye zile mbao za ndani. Siku ya kuhama ataziba matundu na kuondoka na ukuta wake.

Vipi kuhusu yale masanduku ya plastiki yenye vifuniko, yanayouzwa kila mahali? Mimi siyapendi. Kitambaa kikifungiwa humo kinasahauliwa, na mtu hununua tena kile alichonacho. Siku hizi hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu vitambaa vyenyewe vimekuwa adimu kupatikana kwa kugusa. Kampuni ya Joann, iliyowauzia vitambaa mafundi wa nyumbani wa Marekani tangu mwaka 1943, iliomba tena ulinzi wa kufilisika Januari 2025, na kufikia mwisho wa Mei ilikuwa imefunga maduka yake yote, karibu 800. Aliyezoea kuingia dukani na kushika kitambaa kwa vidole sasa analazimika kuangalia picha kwenye simu. Kwa hiyo ulichonacho kiweke machoni. Khanga na vitenge vikunjwe kwa upana mmoja na kusimamishwa kama vitabu, pindo likitazama nje, utaijua kila doti bila kuipangua.

Na vyombo vya kuwekea vitu vidogo tunaweza kuvifanya wenyewe. Akina mama wa pwani huchana ukindu, huupaka rangi, husuka ukili mrefu, kisha hushona ukili kwa ukili mpaka upatikane mkeka au kikapu. Mkindu hauoti Virginia, lakini khanga iliyochakaa ipo katika kila nyumba yetu. Chana mji na pindo kwa vipande virefu vya upana wa sentimita nne. Unga vipande, visuke vitatu vitatu kama nywele za mtoto, usikaze sana. Anza kuuzungusha msuko juu ya meza, na kila mzunguko uushone na ule wa ndani yake kwa uzi mnene, sindano ikishika nusu ya msuko huu na nusu ya ule, ili mshono ujifiche. Kitako kikifikia upana unaoutaka, usiuweke mzunguko unaofuata ubavuni, uukalishe juu ya ule wa mwisho na kuuvuta kidogo. Ukuta wa kikapu utaanza kupanda wenyewe. Rangi zitajichanganya usivyotarajia, na hapo ndipo kilipo kivutio chake. Lile jina la khanga usilichane. Likate zima, lishonee pindo, ulitundike ukingoni mwa rafu ya juu, lisomeke.

Aliye na Jumamosi moja apande treni ya Orange East Falls Church, ashuke kituo cha Smithsonian. Hapo karibu kuna makumbusho ya sanaa za Afrika, ambayo mwaka 2018 yaliweka maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili, World on the Horizon, na baadhi ya vitu vyake viliazimwa kutoka makumbusho ya Kenya. Vingi katika vitu hivyo vilikuwa vya nyumbani, vilivyotumiwa na watu. Hilo lingetosha kumtoa mtu wasiwasi kwamba kutundika kazi ya mikono ya kwao ukutani ni ushamba.

Jambo la mwisho ni viti. Picha za vyumba vya kazi za mikono katika majarida ya Marekani karibu zote zina kiti kimoja. Kofia ya viua ya Unguja au Lamu inaweza kuchukua miezi kuimaliza, na wanaoishona hukaa pamoja, ukumbini au uani, mmoja akidarizi, mwingine akichambua mchele, mtoto akitia uzi kwenye sindano. Ufundi ulihama mkono kwa mkono katika makao hayo, bila darasa. Huku watoto wetu wanajua Kiingereza na hesabu vizuri, lakini wengi hawajawahi kumwona mtu akisuka ukili. Mahali pa kazi palipofichwa besimenti na kiti kimoja hapatawaonyesha. Basi tandika mkeka mbele ya ukuta huo, weka kibenchi, acha nafasi ya shangazi na jirani. Visu, mikasi na pasi vikae juu wasikofikia wadogo. Shanga, uzi na vikapu vikae chini, wanakofikia.

Mwenye cherehani iliyolala chini ya kitanda aitoe wiki hii, aipake mafuta, achague ukuta mmoja, na amwite mtoto amshikie futi.