Bamburi: Msitu Uliotengenezwa na Jongoo

Wadau wapenda mimea, mkifika Mombasa msikimbilie bichi tu. Kule Bamburi, barabara ya Malindi, kuna Haller Park, na mimi naiweka mbele ya bustani zote za maua nilizowahi kutembelea. Wengi wanaijua kwa sababu ya Owen na Mzee, yule kiboko mtoto aliyeokolewa baharini wakati wa tsunami ya 2004 akazoeana na kobe. Sawa, lakini mimi naona uhondo wenyewe uko kwenye miti.

Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Udongo hakuna, ni mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akajaribu aina 26 za miti. Zilizodumu ni tatu tu! Uliotesa ni mvinje, maana mizizi yake ina bakteria wanaoupatia naitrojeni kutoka hewani.

Ila likazuka tatizo: majani yake yalidondoka yakajazana bila kuoza, yana tanini nyingi. Basi akaletwa jongoo mwenye miguu myekundu. Anakula majani makavu, anachotoa ni mbolea. Jongoo huyuhuyu tunayemkanyaga! Udongo ukapatikana, miti mingine ikapandwa, wanyama wakaletwa, na 1984 wananchi wakafunguliwa.

Sasa najiuliza, mashimo mangapi ya mawe hapa Pwani yameachwa wazi, yanajaa maji ya mvua na watoto wanaogelea humo? Dawa yake iko hapo hapo Bamburi, na mvinje tunao.