Mbio za Kuzunguka Kirinyaga: Vijana Wetu na Maziwa ya Juu

Kila likizo ya Juni inapokaribia, swali hutufikia kutoka kwa wazazi wa hapa Sterling ambao watoto wao wamo katika timu za mbio za nyika shuleni. Kijana amekimbia mwaka mzima katika njia ya W&OD, ile iliyokuwa reli zamani, na kando ya Mto Potomac pale Algonkian. Sasa anasafiri Kenya kuwaona babu na nyanya, naye ameomba apelekwe mlimani. Hataki kuupanda kama watalii, hatua kwa hatua. Ataka kukimbia, avizunguke vilele vyote na kuyapita maziwa madogo yaliyolala chini yake. Je, aruhusiwe?

Jibu letu ni kwamba aruhusiwe, ila si kwa namna anayoifikiria yeye, wala si katika siku chache anazozipanga baba yake.

Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, una vilele vikuu vitatu. Batian, chenye mita 5,199, na Nelion, chenye mita 5,188, ni vya wakwea miamba wenye kamba. Lenana, chenye mita 4,985, ndicho kifikiwacho kwa miguu mitupu. Majina hayo ni ya wazee wa Kimaasai, aliyoyabandika Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899, akiyapinda kidogo kwa ulimi wake. Ni juu ya Lenana ambako Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya huru Desemba 1963, habari ambayo wengi wetu twaijua tangu utotoni na watoto wetu hawajaisikia. Na waisikie kabla ya safari.

Iko njia inayovizunguka vilele hivyo. Urefu wake ni kama kilomita 10 tu, na hapo ndipo kijana anapodanganyika, kwa kuwa kilomita 10 ni mazoezi yake ya Jumamosi. Lakini kupanda na kushuka kwa njia hiyo kunazidi mita 2,000, na karibu yote imo juu ya mita 4,200. Mtembeaji mwenye nguvu huweza kuimaliza kwa siku moja ndefu. Walio wengi huchukua mbili au tatu.

Anayeanzia kambi ya Shipton, mita 4,200, akaelekea magharibi, hukabili kwanza mteremko wa changarawe legelege uendao hadi pengo la Hausburg, mita 4,591. Hatua mbili za mbele huzaa moja ya nyuma, na mbio huishia hapo. Akishavuka, ndipo huyaona maziwa ya Hausburg na Oblong chini yake. Mbele zaidi, kwenye mita 4,490, kuna maziwa mawili yanayoitwa Two Tarn, ambayo asubuhi isiyo na upepo huvichukua vilele vyote viwili na kuvigeuza juu chini majini. Kisha njia huteremka hadi bonde la Teleki na kupanda tena hadi kibanda cha Waaustria, mita 4,790, kando ya barafu ya Lewis. Barafu hiyo ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na atakayetaka kuwaonyesha wanawe mabaki yake asikawie. Kutoka hapo njia hupita pengo la Simba, mita 4,620, na kurejea Shipton.

Lakini tukiulizwa ni upande upi wa maziwa unaomfaa mkimbiaji, tutasema ni wa mashariki, upande wa Chogoria. Huko, karibu na mita 3,500, kuna Ziwa Ellis katika uwanda wa nyasi na vichaka ambamo mguu hupata mahali pa kukanyaga. Juu yake, kwenye mita 4,300, kuna maziwa ya Hall, na jabali liitwalo Temple, ambalo ukichungulia ukingoni mwake waliona Ziwa Michaelson karibu mita 300 chini, ndani ya korongo. Uwanda ule wa chini ndio wa kukimbia. Juu ya hapo, atembee kama watu wengine.

Sasa tulifikie jambo linalotusumbua. Mara nyingi tumewasikia kina baba wakisema, “Sisi ni watu wa milimani, mtoto wangu ana damu ya mabingwa.” Maneno hayo yanapendeza mezani, ila mwili hauyajui. Uwezo wa kuishi penye hewa nyepesi hujengwa kwa majuma ya kuishi huko, na hupotea vivyo hivyo kwa majuma ya kuishi bondeni. Mtoto aliyelelewa Sterling, mahali pasipofika hata mita 150 juu ya usawa wa bahari, ana damu ya Sterling, awe ukoo wake ni wa Nyeri au wa Kapsabet. Hata Iten, kitovu cha wakimbiaji wetu, iko kwenye mita 2,400; ukienda Shipton huongezi kidogo, waongeza mita 1,800. Lucy Wambui Murigi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na tena 2018, alikuwa na miaka ya mazoezi nyuma yake. Mtanzania Simon Mtuy, aliyepanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 8 na dakika 27 mwaka 2004, alikuwa mwongoza watalii ambaye mlima ule ulikuwa kazi yake ya kila siku. Tusimlinganishe naye mwanafunzi aliyeshuka ndege juzi.

Katika mita 4,200 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Kichwa huuma, chakula hukataliwa, usingizi hukimbia. Hayo ni maradhi ya mwinuko katika hali yake nyepesi, na dawa yake ni kutopanda zaidi hadi yatulie. Yakizidi, maji huingia mapafuni: mgonjwa hukohoa na kuhema hata akiwa amekaa. Au ubongo huvimba: husema ovyo na kuyumba kama mlevi. Mwambieni atembee katika mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ashushwe saa ile ile, iwe usiku, iwe mvua. Watu hufa kwa kungoja asubuhi.

Nguvu za mwili hazimkingi mtu. Twathubutu kusema kwamba wepesi wa kijana ndio hatari yake, kwa kuwa humfikisha juu kabla mwili haujajua umefika wapi. Tena vijana huficha maumivu ya kichwa wakiogopa kurudishwa. Kanuni ya waganga ni kwamba, ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila siku tatu au nne upumzike moja. Pimeni kwa kanuni hiyo safari fupi zinazouzwa kupitia Sirimon: usiku wa kwanza mita 3,300, wa pili mita 4,200. Ruka hilo ni la mita 900. Ongezeni usiku mmoja au miwili katikati, hata kama bei itapanda, na kabla ya yote kijana akae juma moja kwa babu yake, ikiwa nyumbani ni nyanda za juu. Iko dawa iitwayo asetazolamidi inayousaidia mwili kuzoea. Daktari aulizwe mapema, hasa ikiwa mtoto hupatwa na mzio wa dawa za salfa.

Liko jambo lingine, nalo ndilo hasa lililotufanya tuandike makala haya. Familia nyingi kati yetu, hasa zenye asili ya pwani na ya kandokando ya Ziwa Viktoria, zina urithi wa selimundu. Mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, hucheza, hukimbia, na huenda asijue maisha yake yote. Lakini penye hewa nyepesi wengu wake, au bandama kama wengine wasemavyo, unaweza kukosa damu na kufa sehemu. Ishara yake ni maumivu makali ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, na watu huyadhania kuwa ni kichomi cha kukimbia. Mbio za nguvu nazo zimewaangusha vijana wenye urithi huo hata katika viwanja vya chini, ndiyo maana tangu 2010 vyuo vya daraja la kwanza katika michezo ya NCAA huwapima wanariadha wao.

Kufikia 2006 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yakiwapima watoto wachanga, kwa hiyo aliyezaliwa hapa baada ya hapo majibu yake yapo. Mwombeni daktari wake awasomee. Aliyezaliwa nyumbani akaja akiwa mkubwa huenda hajapimwa kamwe. Ni kipimo cha damu tu. Kijana akikutwa na urithi huo hajawa mgonjwa, wala hakuna aibu iliyoingia nyumbani. Safari yake ipangwe na daktari, na penye mwinuko asikimbie.

Kuhusu mazoezi ya hapa, tusijidanganye kwamba Virginia itampa mtu hewa nyepesi. Hawksbill, kilele kirefu kuliko vyote katika hifadhi ya Shenandoah, kina mita 1,235; Nairobi iko juu yake. Tunachokipata huku ni miguu. Fuateni barabara namba 7 kuelekea magharibi hadi Bears Den, ambako njia ya Appalachian huvuka, mkaingie ile sehemu inayoitwa Roller Coaster, yenye zaidi ya milima kumi midogo inayofuatana. Kijana azoee kushuka kwenye mawe, kwa maana mapaja na vifundo vya miguu huumia kwenye mteremko kuliko kwenye mpando. Abebe mfuko wenye koti la mvua, sweta, glavu na maji hata siku ya joto. Kule juu jua la saa nne asubuhi huweza kugeuka theluji saa nane.

Hifadhi husimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, na mtu haruhusiwi kuingia peke yake. Mwongoza njia aambiwe mapema kwamba kijana atataka kukimbia uwandani, wakubaliane mahali pa kungojana. Ada ya mgeni ni kubwa mno kuliko ya mwananchi. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, na mtoto wa Mkenya ni Mkenya, lakini langoni hawasomi uso, wasoma karatasi. Asiye na pasipoti ya Kenya aanze kuishughulikia katika ubalozi ulioko Washington miezi kadhaa kabla ya Juni, akiwa na cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya mzazi.